Mzazi asiyesoma na ari ya mtoto shuleni

Wengi huamini kwamba mzazi aliyeishia darasa la saba hana la kumsaidia mtoto wa sekondari. Kazi hiyo waachiwe walimu na tuisheni. Imani hii haikuzuka hivihivi. Kwa wastani, watoto wa wazazi waliosoma hufaulu zaidi: nyumbani kuna vitabu, kuna hela ya tuisheni. Na tangu Tanzania ilipofuta ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016, nyumba nyingi zina mwanafunzi wa aljebra ambayo baba na mama hawakuwahi kuisoma.

Ila ari si aljebra. Tafiti nyingi kuhusu wazazi na masomo zimeona kuwa kumsaidia mtoto kazi za nyumbani kuna uhusiano hafifu na ufaulu, pengine hata wa kinyume (anayesaidiwa sana mara nyingi ndiye aliyekwama). Kinachoambatana zaidi na ufaulu ni mzazi kumtarajia mtoto afike mbali, na kuzungumza naye habari za shule. Binti anayeambiwa saa mbili usiku, "Acha vyombo, kaka yako ataosha, wewe kasome," ameshasaidiwa, tena sana.

Ukitaka kujipimia imani hiyo, usihesabu watoto wa wasomi waliofaulu tu mtaani kwenu. Hesabu na wale walioacha shule. Kisha fungua daftari la mwanao. Huhitaji kujua hesabu kuona kwamba tarehe ya mwisho ni ya wiki tatu zilizopita na kalamu nyekundu haijapita.