Malighafi inayorudi kwenye Albion Online: ihesabu mpaka iishe

Wanaoanza kuyeyusha madini kwenye Albion Online, mchezo wa mtandaoni wa wachezaji wengi, huniuliza sana: nikiingia na mzigo huu, nitatoka na vipande vingapi? Wengi hukadiria chini, kwa sababu wanahesabu marejesho, yaani malighafi ambayo karakana hukurudishia, ya mzunguko wa kwanza tu.

Tuchukue Thetford, mji wenye bonasi ya madini. Kipande kimoja cha chuma cha pua cha daraja la 4 kinakula madini ya chuma 2 na kipande 1 cha bronzi. Una madini 1,000 na bronzi 500. Bila fokasi (pointi unazoweza kutumia ili urudishiwe zaidi), karakana inakurudishia asilimia 36.7 ya malighafi. Mwenye haraka anachukua 500, anaongeza asilimia hiyo, anapata 683 na kufunga daftari. Lakini yale madini 367 yaliyorudi nayo yanayeyushwa, yanarudisha mengine, na hayo mengine vilevile. Ukiyafuata mpaka yabaki machache yasiyotosha hata kipande kimoja, unakaribia 790. Zaidi ya vipande 100 havikuwemo kwenye makadirio! Kwa anayeuza sokoni kila siku, faida yote inaweza kuwa humo.

Huna haja ya kuhesabu mzunguko mmoja mmoja. Miji ya kifalme, yaani miji mikuu ya mchezo kama Thetford, ina bonasi ya msingi ya 18, na Thetford inaongeza 40 kwa madini: jumla 58. Ile asilimia 36.7 ni 58 kugawanya kwa 158, yaani 100 na 58. Ukijumlisha mizunguko yote, hesabu inarudi palepale kwenye bonasi: zidisha vile vipande 500 vya mwanzo kwa 1.58, basi. Napenda sana usafi wa hesabu hii. Mji wa kifalme usio na bonasi ya madini ni 1.18, yaani vipande 590 kwa mzigo uleule. Fokasi inaongeza 59, kwa hiyo Thetford inafika 2.17, na vipande ni 1,085.

Kwa kupanga bei, igeuze: kipande kimoja Thetford kinakugharimu madini 1.27 hivi na bronzi 0.63, si 2 na 1.

Angalia ada ya karakana. Unailipa kwa kila kipande, hata kilichotokana na malighafi iliyorudi, kwa hiyo piga ada ya vipande 790, si 500. Fokasi nayo inaliwa kila mzunguko. Premiamu, yaani uanachama wa kulipia, inakupa fokasi 10,000 kwa siku na akiba haipiti 30,000, kwa hiyo mzigo mkubwa unaweza kuimaliza katikati.

Kwenye silaha ni hivyohivyo, mji wenye bonasi ya silaha husika ukikupa 18 na 15, yaani 1.33. Ila artifakti, vile vitu maalumu vinavyohitajika kutengeneza baadhi ya silaha, hazirudi. Malighafi ya silaha 100 inakufikisha 133, lakini artifakti nunua 133 kamili, na bei yake usiigawe kwa chochote.