Kilebu Anapoletwa Nyumbani: Maswali na Majibu kwa Familia za Malindi

Kilebu, yaani mtoto wa mbwa, huijua dunia kwa mdomo wake. Maswali yafuatayo yanahusu namna ya kuiandaa nyumba kabla hajaingia, na namna ya kuwakinga watu wa nyumba hiyo pia, kwa sababu magonjwa kadhaa ya mbwa huvuka na kuwapata binadamu.

Jirani ameniahidi mtoto wa mbwa. Nimchukue akiwa na umri gani?

Asipungue wiki nane. Kabla ya hapo bado anamhitaji mama yake, na kwa kucheza na nduguze ndipo anapojifunza kutouma kwa nguvu. Siku ya kumchukua, muulize mwenyewe kama mama amechanjwa, na kama vilebu wamekwisha kupewa dawa ya minyoo.

Nianze wapi kuikagua nyumba?

Chutama. Nyumba inayoonekana salama kwa mtu aliyesimama huwa na sura nyingine kabisa kwa mnyama wa kimo cha shubiri moja: waya wa friji uliopita nyuma ya mlango, betri ya rimoti iliyoviringika chini ya kiti, ndara zinazonukia miguu ya mwenyewe, sindano iliyoachwa ikiwa na uzi wake kwenye mkeka. Jikoni, angalia mbuzi ya kukunia nazi. Ikiachwa wazi sakafuni baada ya kazi, meno yake ya chuma bado yana chicha, na kilebu atayalamba mpaka ulimi utoke damu. Ikunje na uiweke juu.

Kwa wenye nyumba za wavuvi nitaongeza la mshipi, kwa kuwa nimeliona kwa macho yangu. Kilebu alikuwa amemeza ndoana pamoja na chambo, na uzi ukamning'inia pembeni mwa mdomo kama unywele mweupe, huku kijana wa nyumbani akijiandaa kuuvuta. Uzi huo hauvutwi: ndoana huzidi kuzama, na hata pasipo ndoana, uzi uliokwisha kuingia tumboni unaweza kuyakata matumbo ukivutwa. Uacheni ulivyo, msimlishe kitu, na mpelekeni kwa daktari wa mifugo.

Ni sumu zipi za kuogopa zaidi?

Sumu ya panya ndiyo ya kwanza, na hatari yake kubwa ni ukimya wake. Nyingi kati ya sumu hizi huzuia damu isigande, kwa hiyo mnyama huweza kucheza na kula kama kawaida kwa siku tatu au zaidi kabla ya ufizi kuanza kutoka damu au pumzi kumwia nzito. Ukijua au ukishuku kwamba ameila, usingoje dalili. Mpeleke siku hiyo hiyo pamoja na pakiti yake, kwa sababu daktari akiijua sumu anaijua na tiba. Usimnyweshe maji ya chumvi ili atapike, maana chumvi nyingi nayo ni sumu kwake. Aliyekunywa mafuta ya taa au dawa ya kusafishia choo hatapishwi hata kidogo.

Sumu nyingine zimo katika chakula chetu. Vitunguu, vya maji na saumu, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa hata vikiwa vimepikwa, hivyo mabaki ya pilau na mchuzi si chakula chake, na zabibu kavu za biriani huweza kumuua figo. Chokoleti hali kadhalika. Parasetamoli na ibuprofeni asipewe kamwe bila daktari, hata kama analia kwa maumivu. Uani, ng'oa mbarika, kwani mbegu zake zina sumu kali. Ukimtembeza ufuoni, mshike kwa kamba: bunju aliyetupwa na maji hubaki na sumu yake hata akiwa amekauka.

Je, naweza kumwogesha kwa dawa ya kupe ya ng'ombe?

Usifanye hivyo. Dawa ya josho huchanganywa kwa vipimo vya ng'ombe, na kosa dogo la kipimo kwa mnyama wa kilo mbili ni kosa kubwa. Nunua iliyoandikwa umri na uzito wake. Na kama nyumbani kuna paka, soma karatasi ya dawa kwanza, kwa sababu permethrini ambayo mbwa huistahimili huua paka.

Joto la kaskazi atalistahimili?

Akiwa na kivuli na maji safi, ndiyo. Mbwa hujipoza zaidi kwa kuhema, si kwa jasho. Mtoe asubuhi au jioni, na kabla ya kumkanyagisha mchanga uweke mgongo wa mkono wako juu yake. Usipoweza kuuvumilia, naye hawezi.

Watoto wetu hucheza pekupeku uani. Kuna hatari?

Ipo. Kilebu huweza kuzaliwa tayari ana minyoo, kwa kuwa baadhi hupita kutoka kwa mama akiwa tumboni na mingine katika maziwa. Mayai yake hukaa udongoni na kuingia kinywani mwa mtoto asiyenawa mikono, na viluwiluwi vya safura ya mbwa hupenya ngozi ya unyayo na kuchora mistari inayowasha. Kilebu apewe dawa kila wiki mbili tangu akiwa na wiki mbili mpaka afikishe wiki nane, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Kinyesi chake kizolewe kila siku na kufukiwa mbali na kisima.

Kilebu mdogo anaweza kuwa na kichaa cha mbwa?

Anaweza, na jambo hili watu hulidharau kwa sababu meno yake ni kama punje za mchele. Hadi asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa kwa binadamu hutokana na mbwa, na dalili zikishaanza ni nadra mno mtu kupona. Kenya ilianza mwaka 2014 mpango wa kuutokomeza ugonjwa huu kwa binadamu ifikapo mwaka 2030, lakini mpango huo unasimama juu ya chanjo ya mbwa mmoja mmoja. Wako achanjwe akifikisha miezi mitatu, na kila mwaka baadaye; kampeni ya chanjo ikipita mtaani kabla ya umri huo, mpeleke vilevile, kisha arudiwe.

Mtu akiumwa, akiparuzwa au akilambwa penye kidonda, paoshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kwa saa na si kwa kukisia. Majivu, pilipili na mafuta ya taa havina kazi hapo. Baada ya kuosha aende hospitali siku hiyo hiyo akaanze sindano, na azimalize zote. Wazee wawahimize watoto kusema, maana mtoto aliyeumwa akichokoza mbwa huficha kwa kuogopa kukaripiwa.

Sisi ni Waislamu na tunamtaka wa ulinzi. Alale wapi?

Mjengeeni kibanda uani, chenye kivuli na sakafu iliyoinuka, na chombo chake cha chakula kisichanganywe na vya nyumbani. Wanaofuata madhehebu ya Shafi huosha kilicholambwa na mbwa mara saba, moja kwa udongo, na mpangilio huu unawapunguzia kazi hiyo huku ukiwaepusha na minyoo. Banda lisiwe mbali kiasi cha kumsahau, kwani kilebu wa wiki nane hula mara tatu au nne kwa siku.

Kisima chetu kina ukingo mfupi. Unatosha?

Hautoshi. Kilebu hupanda penye tofali moja lililobomoka, na akitumbukia hana pa kushika. Wekeni kifuniko cha mbao chenye uzito asioweza kukisukuma kwa pua.