Dar haijazwi na mabasi ya mikoani peke yake

Foleni ikikaza pale Mbagala Rangi Tatu, utasikia tu: "Watu wa mikoani wanatumaliza, Dar inajaa kuliko kwingine kote." Si kweli. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022, Dar ilitoka watu milioni 4.36 hadi milioni 5.38, ongezeko la kama asilimia 23. Nchi nzima iliongezeka kwa asilimia 37. Yaani jiji lilikua polepole kuliko Tanzania yenyewe!

Mkoa wa Pwani je? Kutoka milioni 1.1 hadi milioni 2. Huko wapo wengi tunaowaita watu wa Dar. Jirani yangu wa zamani Temeke alichoka kodi ya nyumba, akanunua kiwanja Vikindu, wilayani Mkuranga huko Pwani, akajenga vyumba viwili. Saa kumi na moja alfajiri yuko kituoni. Jioni anapanda daladala ikiwa bado inaelekea mwisho wa njia, anageuza nayo ili apate siti. Sensa humhesabu mtu pale alipolala, kwa hiyo yeye ni wa Mkuranga, japo biashara yake iko Kariakoo.

Demografia, yaani elimu ya idadi ya watu, hupima mambo matatu: kuzaliwa, kufa na kuhama, na kuhama ni kuingia na kutoka pia. Sisi tunawaona wanaoshuka stendi na mabegi. Inaniuma mgeni akibebeshwa lawama zote, maana leba (wodi ya kujifungulia) ya hospitali ya Amana hapa Dar hatuioni, na mtoto aliyezaliwa humo usiku wa jana naye, baada ya miaka sita, atahitaji dawati.