Pwani iliyotawaliwa kwa barua: Ghuba kati ya vita viwili vya dunia

Mwaka 1930 Unguja ilikuwa na Rezidenti wa Kiingereza, Kenya ilikuwa na gavana, na Tanganyika ilikuwa na gavana pamoja na ma-DC wake hadi vijijini. Vuka bahari uende Sharjah, Dubai au Abu Dhabi mwaka huohuo, humwoni hata ofisa mmoja wa Kiingereza anayeishi pale. Kila sheikh alikaa katika ngome yake, akatoza ushuru wake na kuhukumu watu wake. Juu ya yote hayo, sheikh huyo hakuruhusiwa kuandikiana na dola nyingine yoyote, wala kumkodisha mgeni shamba au kisiwa, bila ridhaa ya Uingereza. Alikuwa amefungwa na mkataba wa mwaka 1892.

Kazi yangu ni kusoma majalada ya utawala huo. Nimeyasoma kwa muda mrefu kiasi cha kuamini jambo moja: Ghuba ya miaka ile ilitawaliwa kwa barua. Mwenye kushika njia ya barua ndiye aliyeshika nchi.

Makao makuu yalikuwa Bushire, bandari ya Uajemi. Ofisi iliyosimamia pwani ya Waarabu ilikuwa imejengwa katika ardhi ya taifa jingine kabisa. Rezidenti wa Kisiasa aliyekaa hapo, mwakilishi mkuu wa Uingereza katika Ghuba, alikuwa na mabwana wawili. Kwa mambo ya Bahrain, Kuwait, Muscat na Pwani ya Mapatano (ndiyo pwani ya akina Sharjah, Dubai na Abu Dhabi) aliwajibika kwa Serikali ya India, iliyokuwa ya Waingereza, na maofisa wake wengi walitoka katika utumishi wa siasa wa India. Kwa mambo ya Uajemi alikuwa konsuli mkuu, akapokea maelekezo ya balozi wa Uingereza aliyekuwa Tehran. Reza Shah alipotwaa kiti mwaka 1925 na kuanza kuwabana wageni wenye upendeleo, Bushire ikawa mahali pagumu. Kituo cha manowari kilihamishwa kutoka kisiwa cha Henjam kwenda Bahrain mwaka 1935, na ofisi yenyewe ikafuata mwaka 1946.

Kwa msomaji wa Unguja au Mombasa, jalada la Muscat lina jambo linalotuhusu moja kwa moja. Milki ya Seyyid Said ilipogawanywa mwaka 1861 kwa uamuzi wa Lord Canning, gavana mkuu wa India, Unguja ilitakiwa kuilipa Muscat reale 40,000 kila mwaka. Baadaye Serikali ya India ikachukua mzigo ule na kulipa yenyewe, rupia 86,400 kwa mwaka. Malipo hayo yaliendelea kipindi chote kati ya vita viwili, na hazina ya Muscat ilikuwa hoi kiasi kwamba iliyategemea sana. Sasa fikiria: fedha ya kuachana na Unguja imekuwa hatamu mkononi mwa mtu wa tatu. Mimi naliona hilo kuwa miongoni mwa mambo mazito kabisa katika historia ya Oman ya siku zile, na bado halizungumzwi vya kutosha kwetu.

Turudi Sharjah, maana hapo ndipo mtambo wenyewe unapoonekana ukifanya kazi. Rezidenti aliifikia Pwani ya Mapatano kwa manowari, mara chache kwa mwaka, akapanda sheikh melini kusalimiana, mizinga ya heshima ikapigwa, kisha meli ikang'oa nanga. Siku nyingine zote shughuli ziliendeshwa na wakala wa Rezidenti aliyekaa Sharjah. Huyu hakuwa Mwingereza. Kuanzia 1919 hadi alipofariki 1935 alikuwa Isa bin Abdullatif, wa ukoo wa Al Serkal, mfanyabiashara aliyerithi kazi hiyo kwa baba yake, na baba mtu alikuwa ameishika tangu 1890. Waingereza walimpa cheo cha heshima cha Khan Bahadur.

Tazama nafasi aliyokuwa nayo. Barua ya Rezidenti kwenda kwa sheikh ilipita kwake. Jibu la sheikh lilipita kwake. Habari za nani amegombana na nani, nani amemuua jamaa yake na kukalia kiti, nani ameanza kusikiliza wajumbe wa Ibn Saud, mwanzilishi wa Saudi Arabia, zilifika Bushire kwa kalamu yake. Sheikh aliyekosana naye alijua kwamba sifa yake Bushire ingechafuka kabla yeye mwenyewe hajapata nafasi ya kujieleza. Wakati huohuo wakala alikuwa mtu wa mji, mwenye mali, biashara na ujirani wa kulinda, kwa hiyo hakuandika kama mgeni. Anayesema Pwani ya Mapatano ilitawaliwa na Waingereza, namwomba aongeze na jina la Isa.

Uzito wa njia hii ulionekana mwaka 1932. Ndege za Imperial Airways, shirika la ndege la Uingereza, za kwenda India zilikuwa zikitua upande wa Uajemi, na ruhusa hiyo ilikuwa inamalizika. Ilibidi kiwanja kipatikane upande wa Waarabu, na haraka. Ras Al Khaimah ilikataa. Sheikh Sultan bin Saqr wa Sharjah alikuwa tayari kuzungumza, lakini baadhi ya jamaa zake na watu wake walipinga vikali. Hofu yao ilikuwa na msingi: leo kiwanja, kesho askari, keshokutwa ushuru na mahakama. Rezidenti Hugh Biscoe alikuwa njiani kwenda kumalizia mazungumzo mwezi Julai alipofariki ghafla melini. Harold Dickson, wakala wa kisiasa wa Kuwait aliyekuwa pamoja naye, ndiye aliyekamilisha makubaliano.

Masharti yenyewe yanaeleza mengi. Rupia 800 kwa mwezi kwa ajili ya kodi ya kiwanja, rupia 500 kwa mwezi za sheikh mwenyewe, na rupia 5 kwa kila ndege ya abiria itakayotua. Sheikh alijenga nyumba ya wageni yenye kuta kama ngome na akatoa walinzi. Pamoja na hayo alidai, na akapewa, ahadi ya maandishi kwamba Uingereza haitaingilia mambo ya ndani ya nchi yake. Hapo nampa Sultan bin Saqr heshima yake. Wakati huo biashara ya lulu ilikuwa inaporomoka, kwa sababu ya mdororo wa uchumi ulioanza 1929 na lulu za kufugwa za Wajapani. Mtu aliyekuwa na njaa mlangoni bado alikumbuka kuomba karatasi ya kumlinda.

Karatasi kama ile haikumlinda kila mtawala. Huko Bahrain, Sheikh Isa bin Ali alikuwa ameshika nchi tangu 1869. Mei 1923 Waingereza walimlazimisha kumwachia mwanawe Hamad uendeshaji wa serikali, huku meli za kivita zikiwa bandarini. Miaka mitatu baadaye akaja mshauri, Charles Belgrave, na alikotoka ni kwetu: alikuwa ofisa wa utawala Tanganyika, akaona tangazo la kazi gazetini alipokuwa likizo London mwaka 1925. Alikaa Bahrain hadi 1957, akisimamia fedha, polisi na hata kuketi mahakamani. Cheo chake kilikuwa mshauri wa sheikh tu, na kwa karatasi Bahrain iliendelea kuwa nchi ya sheikh.

Kuna karatasi za aina nyingine zinazonigusa kuliko zote: hati za uhuru. Mtumwa aliyetoroka, mara nyingi mpiga mbizi wa lulu, alikimbilia ofisi ya wakala, Sharjah, Bahrain au Muscat. Mahali pengine ilikuwa desturi ashike mlingoti wa bendera ili ahesabiwe amejisalimisha. Karani aliandika maelezo yake: jina lake na la baba yake, umri wa kukadiria, alizaliwa wapi, nani alimwiba, aliuzwa wapi, bwana wake alimtendea nini, na alichukua mapato ya mbizi zake kwa miaka mingapi. Maelezo yakapelekwa Bushire. Yakikubaliwa, akapewa hati ya Kiingereza na Kiarabu. Wengi wa miaka ya 1920 na 1930 walitoka Baluchistan, lakini wamo pia waliosema wamezaliwa Unguja au pwani yetu, wakaibwa wakiwa watoto na kuvushwa kwa majahazi.

Sheikh Humaid bin Abdulaziz wa Ajman, jirani ya Sharjah, alichana hati ya namna hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1920. Alitozwa faini ya rupia 1,000, na alipokaidi, manowari Crocus na Cyclamen zikaipiga mizinga ngome yake. Ukisoma jalada hilo peke yake utadhani dola ile ilikuwa tayari kupigana kwa ajili ya mtumwa. Soma na mengine. Utakuta maofisa walewale wakisita kuwapa watu uhuru, wakihofia kuvuruga msimu wa lulu, na utakuta watumwa wakichanganywa na wapiga mbizi wenye madeni kisha kurudishwa kwa manahodha. Kilichotetewa Ajman ilikuwa heshima ya karatasi ya serikali, na mwenye kuishika alinufaika pale tu ilipokwisha kuandikwa.

Maelezo hayo ya watumwa sasa yanasomwa bure mtandaoni. Tangu 2014 Maktaba ya Uingereza na Maktaba ya Taifa ya Qatar zimekuwa zikiyaweka kwenye Maktaba ya Kidijitali ya Qatar, pamoja na majalada ya Bushire kwa maelfu ya kurasa. Ukitafuta, andika jina la Zanzibar kwa tahajia za Kiingereza za wakati ule, kisha ufungue majalada ya hati za uhuru ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu majina ya watu wengi hayajaingizwa kwenye faharasa. Familia zenye kumbukumbu ya mtoto aliyepotea Lamu, Pemba au Bagamoyo zina sababu ya kuanzia hapo.