RZM: alama iliyo nyuma ya beji za Chama cha Nazi na namna ya kuisoma

Ukigeuza beji ya Chama cha Nazi ya miaka ya 1930, mara nyingi utakuta mgongoni mwake duara dogo lenye herufi RZM, na kando yake maandishi kama M1/52. Wanunuzi wengi huishia hapo: wakiziona herufi, wanalipa. Waghushi wanalijua hilo, ndiyo maana kazi yao huanzia kwenye duara hilohilo. RZM inakueleza nani aliruhusiwa kutengeneza beji. Kama beji uliyoishika ilitoka kiwandani kwake, hilo ni swali lingine.

Herufi hizo ni kifupi cha Reichszeugmeisterei, ofisi ya NSDAP, yaani Chama cha Nazi, iliyokuwa katika mji wa München. Ilisimamia sare, mikanda, visu na beji za chama na jumuiya zake: nani atengeneze, kwa malighafi gani, kwa rangi gani na kwa bei gani. Ilikuwa chini ya mweka hazina wa chama, Franz Xaver Schwarz. Sheria ya tarehe 20 Desemba 1934 iliipa meno: kutengeneza au kuuza sare na alama za chama bila kibali cha mweka hazina likawa kosa la jinai. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyowafunga watu kwa maneno tu waliyosema dhidi ya serikali. Beji hizi ni vielelezo vya chama kilichoua mamilioni, na anayezihifadhi anahifadhi ushahidi. Feki moja ikiingia kwenye mkusanyo wa makumbusho au wa mtafiti huuharibu ushahidi huo.

Namba husomwa hivi. M ni ya bidhaa za chuma na madini mengine, na tarakimu inayofuata ni kundi: M1 ni beji, M4 ni bizimu za mikanda, M7 ni visu. Baada ya mkwaju (/) huja namba ya kiwanda. M1/52 ni Deschler & Sohn wa München, M1/17 ni F. W. Assmann & Söhne wa Lüdenscheid, M1/72 ni Fritz Zimmermann wa Stuttgart. Beji yenye M7 mgongoni, basi, imeghushiwa na mtu asiyejua alichokinakili. Kabla ya utaratibu huo viwanda viligonga jina lao pamoja na GES. GESCH., kifupi cha maneno ya Kijerumani yenye maana ya "imelindwa kisheria". Zipo beji halali za kipindi cha mpito zenye GES. GESCH. na RZM kwa pamoja, kwa hiyo usiitupe beji kwa sababu hiyo pekee. Lakini ukiambiwa kwamba beji yenye M1 ilivaliwa kwenye mkutano wa 1929, tarehe na alama zinapingana, kwa sababu mwaka huo namba za M zilikuwa hazijaanza.

Ushauri wetu ni kuiacha alama iwe kitu cha mwisho kukaguliwa. Anza na kipimo. Beji ya kawaida ya mwanachama, ile yenye ukingo mwekundu ulioandikwa NATIONAL-SOZIALISTISCHE-D.A.P. na swastika nyeusi juu ya uwanja mweupe, ina kipenyo cha takriban milimita 23. Chukua kalipa, kifaa cha kupimia upana kwa sehemu za milimita, si rula. Nakala iliyomiminwa kwenye kalibu iliyochukuliwa kutoka beji halisi hutoka ndogo kidogo, kwa sababu madini husinyaa yakipoa. Tofauti ni sehemu za kumi za milimita, lakini ipo. Beji halisi iligongwa kwa muhuri wa chuma kigumu, kwa hiyo kingo za herufi ni kali na sehemu bapa ni laini. Ukiona kwenye lenzi ya kukuza mara 10 vitundu kama vya mkate, au herufi zenye mabega ya mviringo, hiyo ilimiminwa.

Kisha rangi, na hapa ndipo feki nyingi hufa. Enameli ya kweli ni unga wa kioo uliookwa kwenye tanuri kwa joto la takriban nyuzi 700 hadi 850 za Selsiasi, halafu ukasuguliwa mpaka ukalingana na mistari ya madini inayotenganisha rangi. Ukipitisha ukucha juu yake, hukwami. Ikivunjika, huvunjika kama kioo: ufa mkali, kipande chenye kingo. Feki za siku hizi hujazwa gundi ya plastiki yenye rangi. Hiyo huvimba kidogo juu ya mistari, au hudidimia katikati, huwa na vipovu, na ncha ya sindano huacha alama juu yake. Gusa kwa sindano ukingoni tu, taratibu. Wapo wanaotumia sindano iliyochomwa moto. Usifanye hivyo, kwani jibu utalipata lakini kovu litabaki hata kama beji ilikuwa halisi.

Usiisahau zinki. Beji za awali zilitengenezwa kwa tombaki, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki kidogo, au madini mengine ya familia ya shaba. Shaba ilipohitajika vitani, viwanda vilihamia kwenye chuma na zinki. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, wakati enameli inahitaji karibu mara mbili ya hizo. Kwa hiyo beji ya zinki yenye enameli ya kioo haiwezekani kiwandani. Ya zinki lazima iwe imepakwa rangi. Ukiuziwa "enameli juu ya zinki", unauziwa plastiki. Upande wa pili, rangi ya kupaka peke yake haithibitishi ughushi, maana beji nyingi za mikutano na za mwishoni mwa vita zilipakwa tu.

Pini nayo isomwe. Lehemu iwe ndogo na safi, na kutu iwe na mantiki: sindano ya chuma hushika kutu kwanza kwenye bawaba, mahali unyevu unapokaa. Beji iliyozeeshwa kwa asidi huwa na weusi sawasawa kila mahali huku bawaba iking'aa. Kufuli ya kuzunguka kama ya bruchi za sasa kwenye beji ya kawaida ya chama ni sababu tosha ya kushuku.

Beji ya dhahabu ya chama, yenye shada la majani kuzunguka ile ya kawaida, ndiyo inayoghushiwa kuliko zote kwa sababu ya bei. Ilianzishwa Oktoba 1933 kwa wanachama wenye namba chini ya 100,000 waliodumu bila kukatiza tangu chama kilipoundwa upya tarehe 27 Februari 1925, na namba ya mtu iligongwa mgongoni. Zile ambazo Hitler alizitoa kwa uamuzi wake zilitiwa A.H. na tarehe. Namba inaweza kulinganishwa na kadi za uanachama zilizonusurika, ambazo Wamarekani walizikabidhi kwa Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, mwaka 1994. Hadithi ya muuzaji hailinganishwi na chochote. Ni kweli chama kilikuwa na matawi miongoni mwa walowezi wa Kijerumani Tanganyika katika miaka ya 1930, na beji inaweza kutokea huko. Bado ipimwe kama nyingine.

Anayejifunza aanze na beji za Winterhilfswerk, michango ya majira ya baridi iliyoanza 1933. Ziliuzwa mitaani kwa mamilioni, kwa kawaida senti 20 za Kijerumani moja: mbao kutoka Erzgebirge, akiki kutoka Idar-Oberstein, kaure, kioo. Kwa kuwa ni rahisi, mara chache mtu hujisumbua kuzighushi, na mkono hujifunza uzito na ubaridi wa kitu halisi.

Kuhusu sheria: nchini Ujerumani kifungu 86a cha sheria ya jinai kinakataza kuonyesha hadharani na kusambaza alama hizi, adhabu ikifika miaka 3 jela au faini, isipokuwa kwa elimu, utafiti, sanaa na habari za historia. Ndiyo maana minada huko hufunika swastika kwenye picha. Austria ina sheria zake, ikiwemo Sheria ya Beji ya mwaka 1960. Fahamu hayo kabla ya kutuma kifurushi.

Ukishaipata, usiing'arishe, weusi wa miaka mingi ni sehemu ya jibu. Ishike kwa ukingo, na usiitie kwenye mifuko ya PVC, kwa sababu plastiki hiyo hutoa asidi inayoitafuna shaba na kuacha ukungu wa kijani.