Punda Asimulie Kwa Mwili Wake

Mwezi uliopita nililetewa mswada na mwandishi kijana wa hapa Lamu, nami nikaufungua kwa furaha, kwa sababu ulianza vizuri: punda wa kubeba mchanga anakata kamba usiku, anashuka hadi gatini na kukuta magendo yakipakuliwa kutoka kwenye jahazi. Katika ukurasa wa tatu, hata hivyo, punda huyo anatueleza kwamba hati za shehena zilikuwa za kughushi, na tangu hapo sikumsikia punda tena, bali karani aliyejivika ngozi ya punda.

Ninajua kosa hili limetoka wapi. Tumelelewa na ngano zinazofunguliwa kwa "Paukwa!" na kuitikiwa "Pakawa!", ambamo Sungura hukopa, hushitaki na kuwalaghai wakubwa, wala hakuna anayeuliza alijifunza wapi, kwa kuwa kila msikilizaji anajua kwamba Sungura ni binadamu. Hadithi ya kusisimua anayoisimulia mnyama mwenyewe ina sharti lake: hatari ipite kwanza katika mwili wake. Punda ana macho pembeni mwa kichwa, hivyo huona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa na mahali padogo mbele ya paji la uso. Hatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Na masikio yake hugeuka kila moja upande wake. Aogopapo, mara nyingi hatimui mbio kama farasi, bali husimama akalipima jambo, nasi tukamwita mkaidi. Sasa mweke katika kichochoro cha Langoni, mtaa wa hapa Lamu, chembamba hata shogi, yaani makapu ya mzigo mgongoni mwake, zinakwaruza kuta za matumbawe huku na huku: hana nafasi ya kugeuka, nyuma yake kuna nyayo za mtu ambaye punda hamwoni, na mbele kuna harufu ngeni. Kule kusimama kwake tu kunatosha kuwa kilele cha sura nzima.

Lugha yetu, kwa maoni yangu, imemwandalia msimulizi wa namna hii mlango ulio wazi. Kitenzi "kusikia" hakiishii masikioni. Tunasikia harufu, tunasikia baridi, tunasikia maumivu, na kwa hiyo punda anaweza kuusikia usiku mzima kwa neno moja bila kugawanya hisia zake kama mwanafunzi wa sayansi. Kiambishi "-ka-" nacho kinamfaa kuliko "kwa sababu" na "ingawa", kwani hupanga tukio baada ya tukio bila kulifafanua: nikasikia maji, nikainua sikio, kamba ikalegea, nikaenda.

Kuhusu hati zile, sikumshauri mwandishi azifute. Niliomba punda azione kuwa kitu cheupe kinachopepea karibu na taa, aisikie sauti ya bwana wake ikishuka ghafla, kisha auhisi mkono uliozoea kumpapasa shingoni ukiikaza kamba huku unatetemeka. Msomaji wa miaka 12 ataunganisha mwenyewe, na ataogopa zaidi, kwa kuwa ameligundua jambo ambalo msimulizi wake hatalijua kamwe. Mwandishi amekubali kuirudia sura hiyo, na ameniambia kwamba alfajiri hizi anakaa ufukweni, mahali punda wanapopakiwa mchanga, akiyatazama masikio yao.