Gari si sefu

"Iko salama, nimeifungia garini." Wamiliki wa bastola, wapya kwa wakongwe, hulisema neno hili wakiwa wametulia kabisa. Ukiuliza garini wapi, jibu ni droo ya dashibodi au chini ya siti ya dereva. Hapo hakuna usalama wowote.

Kufuli ya droo ya dashibodi hushikwa na kilimi chepesi, mara nyingi cha plastiki. Bisibisi bapa inakivunja kwa sekunde chache. Kioo cha mlango nacho huvunjika kwa pigo moja la kitu kigumu chenye ncha, na alamu ikilia wapita njia wanaendelea na safari zao. Mwizi wa garini hana muda wa kupekua kila kona, kwa hiyo huenda moja kwa moja kwenye droo, kisanduku cha katikati, mifuko ya milango, kisha chini ya siti. Ukiificha bastola huko, umemwekea pale pale anapoanzia. Na kama umebandika stika ya kampuni ya bunduki kwenye kioo cha nyuma, ibandue leo.

Chini ya siti ni kubaya zaidi. Ukikanyaga breki ghafla, bastola huteleza hadi kwenye pedali. Ukisogeza siti, chuma cha reli kinaweza kugusa kifyatulio. Mtoto aliyeketi nyuma ana mkono mdogo unaoingia chini ya siti kirahisi kuliko wa dereva, na watoto wamewahi kuwapiga wazazi wao risasi kwa namna hiyo hiyo. Sumaku ya kuning'iniza bastola chini ya usukani ina kasoro yake: kifyatulio kiko wazi, na gari likigonga, bastola hubanduka na kurushwa.

Kuna nyakati huna budi kuiacha, kwa mfano unapoingia jengo lisiloruhusu silaha. Basi tumia kisanduku cha chuma chenye waya wa chuma, na uuzungushe waya kwenye fremu ya siti iliyofungwa sakafuni. Usiuzungushe kwenye vyuma vya mto wa kichwa. Vile huchomoka kwa kubonyeza kitufe. Waya wenyewe hukatika kwa mkasi wa vyuma, kwa hiyo unachopata ni dakika za kumchelewesha mwizi tu. Kinachoshinda ni kisanduku kilichokazwa kwa bolti kwenye sakafu ya buti, bolti zikiwa upande wa ndani ili asizifikie kabla ya kukifungua. Weka silaha humo kabla hujafika unakokwenda, maana maegeshoni kuna macho. Usiku ukiingia, ingia nayo nyumbani ukaifungie kwenye sefu. Hapo hakuna mjadala.

Kuichomoa na kuirudisha bastola ukiwa umebanwa kati ya usukani na mkanda ndiko kunakofyatua risasi bila kukusudia. Pindo la shati au kamba ya koti huingia kwenye kifyatulio, nawe unaisukuma bastola kwenye ala, yaani mfuko wake wa kiunoni. Vua ala nzima, bastola ikiwa ndani na kifyatulio kimefunikwa, kisha uiweke kisandukuni ilivyo. Chagua ala ya klipu inayotoka bila kufungua mkanda wa suruali. Kama sheria ya ulipo inataka isafirishwe tupu, itoe risasi kabla ya kupanda gari: magazini (kibebeo cha risasi) kwanza, kisha vuta nyuma slaidi, yaani sehemu ya juu ya bastola inayoteleza, tazama chemba, yaani tundu inamokaa risasi iliyo tayari kufyatuliwa, iguse kwa kidole. Kutoa magazini peke yake hakutoshi. Risasi iliyobaki kwenye chemba hufyatuka kama kawaida katika bastola nyingi.

Wengine huogopa kwamba jua litalipua risasi garini. Halilipui. Ndani ya gari lililoachwa juani joto hufika nyuzi 60 au 70, na baruti ya kisasa huhitaji zaidi ya 150 ili iwake yenyewe. Ila joto na unyevu wa miezi mingi huidhoofisha, na bastola hushika kutu. Gari likiungua moto ni jambo jingine: risasi iliyo kwenye chemba itatoka kupitia mtutu.

Kibali cha kumiliki si lazima kiwe kibali cha kubeba garini, na ukivuka mpaka sheria hubadilika. Soma sheria ya unakokwenda kabla ya kuondoka.

Ukisimamishwa na polisi, usikimbilie kuonyesha silaha ili uonekane mkweli. Zima injini, washa taa ya ndani kama ni usiku, weka mikono yote miwili juu ya usukani. Sema una kibali na silaha iko wapi, kisha ngoja uambiwe. Hati za gari zikae mbali na bastola, la sivyo utaonekana unaifuata.

Namba ya silaha iandike na uitunze nyumbani, si garini, kwa kuwa silaha ikiibwa polisi wataitaka namba hiyo siku hiyo hiyo.